Chicago 1953 au Lewiston 1965: pambano lipi liliuzwa?

Tarehe 15 Mei 1953, ndani ya Chicago Stadium, bondia Jersey Joe Walcott alikaa kitako kwenye sakafu ya ulingo, mkono mmoja ukiwa kwenye kamba, huku refa akimhesabia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Aliinuka hesabu ilipokwisha. Miaka 12 na siku kumi baadaye, tarehe 25 Mei 1965, Walcott huyohuyo alikuwa katikati ya ulingo mwingine, katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine. Safari hii yeye ndiye alikuwa refa. Bondia akaanguka miguuni pake, na Walcott hakumhesabia hata moja.

Yote mawili yalikuwa mapambano ya marudiano ya ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Yote mawili yalikwisha raundi ya kwanza, na yote mawili yaliwaacha waliolipa viingilio wakinung'unika. Lakini leo linasemwa moja tu. Jioni huwa nasaidia kuwafundisha vijana ngumi, na kila ubishi wa mapambano ya kuuzwa ukianza, jina la kwanza kutajwa ni Sonny Liston, yule aliyeanguka Lewiston. Chicago hakuna anayeitaja. Naamini wengi wamemchagua mtu wa kumlaumu bila kulinganisha, kwa hiyo nayaweka yote mawili mezani. Filamu zake zipo, na ukiyatazama mawili mfululizo hutumii hata dakika kumi.

Yalikotoka

La Chicago lina historia fupi na safi. Septemba 23, 1952, kule Philadelphia, Walcott alikuwa bingwa, na Rocky Marciano alikuwa mpinzani ambaye hajapoteza hata pambano moja. Walcott alimwangusha Marciano raundi ya kwanza, akaongoza kwa pointi, akafika raundi ya 13 akiwa na ubingwa mkononi. Ndipo ikaja ngumi moja ya kulia, fupi, Walcott akining'inia kwenye kamba na kuteleza chini. Watu walitaka marudiano kwa sababu walikuwa wameona vita. Yalipangwa Aprili 1953, yakasogezwa hadi Mei kwa kuwa Marciano aliumia pua mazoezini. Basi. Hakuna aliyeingia ukumbini usiku ule akiwa na shaka.

La Lewiston ni habari nyingine kabisa. Februari 25, 1964, Miami Beach, kijana wa miaka 22 aliyeitwa Cassius Clay alimvua Liston ubingwa. Liston alibaki kwenye kiti chake, akakataa kutoka kwa raundi ya saba, akisema bega limeumia. Liston, aliyewatisha wanaume wote wa uzito wake, aliyemwangusha Floyd Patterson raundi ya kwanza mwaka 1962 na tena raundi ya kwanza mwaka 1963, anaachia ubingwa akiwa ameketi? Hapo ndipo minong'ono ilipoanzia. Muda mfupi baadaye Clay alijitangaza kuwa mfuasi wa Elijah Muhammad, kiongozi wa kundi la Waislamu weusi la Nation of Islam, na kupewa jina la Muhammad Ali. Marekani nyeupe ikamchukia. Chama cha ngumi cha WBA kikamnyang'anya mkanda kwa sababu ya mkataba wa marudiano, ambao kanuni zake zilikataza.

Pambano lilipangwa Boston, Novemba 16, 1964. Siku tatu kabla, Ali akakimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Likasogezwa hadi Mei. Kabla ya Mei, mwendesha mashtaka wa Boston akaenda mahakamani kulizuia, akihoji waandaaji na leseni zao. Wiki chache zikiwa zimebaki, pambano la ubingwa wa dunia halikuwa na mahali. Maine ndiyo iliyofungua mlango, na ukumbi uliopatikana ulikuwa wa vijana kuchezea mpira wa magongo wa barafuni, katika mji wa viwanda vya nguo na viatu wenye watu kama 41,000. (Mji huohuo leo una maelfu ya wakazi wenye asili ya Somalia, wakiwemo Wabantu wa Kisomali waliopitia kambi za Kenya, na Kiswahili kinasikika mitaani kwake.)

Walioingia ukumbini walihesabiwa 2,434. Ni idadi ndogo mno kwa mkanda ule. Walipekuliwa mlangoni, kwa sababu Malcolm X, aliyekuwa ameachana na kundi la Elijah Muhammad, alikuwa ameuawa Februari mwaka ule na uvumi ulienea kwamba kuna watu wanakuja kulipiza kisasi kwa Ali. Waandishi waliokaa kando ya ulingo walikuwa wakiangalia juu jukwaani kama walivyoangalia mabondia.

Natumia maneno mengi hapa kwa makusudi. Chicago watu walikwenda kuona ngumi. Lewiston walikwenda kuona jambo baya likitokea, na kengele ililia wakiwa tayari na shaka vifuani. Ukiwa unalinganisha, ondoa kwanza uzito huo kwenye mizani, kwa sababu hauna uhusiano wowote na kilichotokea ndani ya kamba.

Ngumi yenyewe

Kwa Chicago hakuna ubishi. Marciano alipeleka ngumi ya kushoto ya kuzungusha, akafuatisha ya kulia iliyotokea chini, na Walcott akaanguka kwa mgongo. Kila mtu aliiona. Swali la Chicago halikuwa kama alipigwa, bali kwa nini mzee wa miaka 39, aliyepigana na Marciano raundi 13 miezi minane tu nyuma, amebaki amekaa kama mtu anayesubiri basi.

Kwa Lewiston ni kinyume: wengi wanasema ngumi haikuwepo. Hii ndiyo ngumi hewa maarufu kuliko zote. Mwandishi Jimmy Cannon, aliyekuwa karibu na ulingo, aliandika kwamba isingeweza hata kuponda zabibu. Watu ukumbini walipiga kelele kwamba pambano limeuzwa. Lakini Tex Maule wa Sports Illustrated, aliyelitazama pambano lilelile, aliandika kwamba lile pigo liliunyanyua mguu wa kushoto wa Liston kutoka sakafuni, na ndio mguu uliokuwa umebeba uzito wake.

Ushauri wangu ni huu: tazama filamu mara tatu, na kila mara chagua mahali pamoja pa kuangalia. Mara ya kwanza mwangalie Liston pekee. Anaingia mbele na ngumi ya kushoto iliyonyooka, mwili wote umeegemea nyuma ya mkono ule. Mara ya pili mwangalie Ali pekee. Anarudisha kichwa nyuma kidogo tu, ile ya kushoto inapita, na kulia kwake kunashuka juu ya mkono wa Liston. Haikuwa ngumi ya kuzungusha toka nyumbani, ilikuwa fupi. Mara ya tatu sahau mikono, angalia kisogo na miguu ya Liston. Kichwa kinatikisika, mguu unanyanyuka, magoti yanalegea.

Mtu asiyewahi kupanda ulingoni hudhani ngumi inayoangusha lazima iwe kubwa. Vijana wangu wote huanza na imani hiyo. Lakini ngumi unayoiona ikija unaibana meno, unakaza shingo, unaipokea. Usiyoiona, hasa unapokuwa unaikimbilia mwenyewe, inakukuta umelegea. Liston alijipeleka kwenye ile ya Ali na kuiongezea uzito wake mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye kipengele hiki nazipa zote mbili uhalali. Ya Marciano ilikuwa nzito zaidi, na ungeiona hata ukiwa umekaa safu ya mwisho. Ya Ali ilikuwa ya kweli ila ndogo kwa macho, na ilipigwa mbele ya watu waliokuwa hawaamini chochote usiku ule.

Hesabu

Hapa ndipo mapambano haya yanapoachana kabisa, na ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi.

Chicago, Walcott alipoanguka, Marciano alikwenda kona ya mbali kama inavyotakiwa. Refa Frank Sikora akahesabu mbele ya Walcott. Mtu aliyeangushwa alikuwa na refa anayemwona, hesabu anayoisikia, na mpinzani asiye juu ya kichwa chake. Kambi yake ililalamika baadaye kwamba hesabu ilikwenda mbio, lakini malalamiko hayakubadili kitu. Muda ulioandikwa ni dakika 2 na sekunde 25. Kiutaratibu, sina cha kuongeza.

Lewiston, Liston alianguka dakika 1 na sekunde 44. Ali hakwenda kona yoyote. Alisimama juu yake, mkono umekunjwa kifuani, akimfokea ainuke apigane. Hiyo ndiyo picha ya Neil Leifer ambayo wengi wetu tumeiona kwenye kuta za vinyozi na kumbi za mazoezi. Wengi huiona kama picha ya ushindi. Mimi kila nikiitazama naona kosa la kanuni likitendeka. Walcott alikuwa akihangaika kumsukuma Ali aondoke, Ali akawa anazunguka ulingo mikono juu, na wakati huo wote mtunza muda, Francis McDonough, alikuwa anahesabu peke yake chini, bila kipaza sauti, na refa hamsikii.

Liston alijiinua kwa goti. Akaanguka tena kwa mgongo, akabingirika. Kisha akainuka. Akasimama kwa miguu miwili. Walcott akamfuta glovu zake, na pambano likaendelea, wakaanza kurushiana ngumi. Ndipo Nat Fleischer, mhariri wa jarida la The Ring, aliyekuwa ameketi karibu na mtunza muda, akamwita Walcott na kumwambia Liston alishapitisha sekunde kumi. Refa akawaacha mabondia wanapigana, akaenda kusikiliza kando ya kamba, akarudi mbio, akawatenganisha, akainua mkono wa Ali. Ilikuwa dakika 2 na sekunde 12. Hata muda uliotangazwa usiku ule, dakika moja, haukuwa sahihi.

Fleischer hakuwa ofisa wa pambano. Alikuwa mwandishi wa habari, mwenye heshima kubwa, lakini hakuwa na mamlaka yoyote juu ya ubingwa ule. Fikiria fainali ya mpira inamalizwa kwa sababu mhariri wa gazeti amemwita refa pembeni.

Na kanuni ilikuwepo. Mwaka 1927, pia Chicago, pia kwenye marudiano ya ubingwa wa uzito wa juu, Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney raundi ya saba akabaki amesimama karibu yake. Refa Dave Barry alikataa kuanza hesabu mpaka Dempsey aende kona ya mbali. Tunney akapata kama sekunde 14, akainuka, akashinda kwa pointi. Somo lilibaki: anayesimama juu ya mwenzake haruhusiwi kufaidi sekunde hizo. Walcott angefanya kama Barry, akakataa hesabu mpaka Ali aondoke, Liston angekuwa amesimama kabla hata kumi haijafika.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Walcott, aliyehesabiwa vizuri, hakuinuka kwa wakati. Liston, ambaye hakuhesabiwa na refa wake kabisa, aliinuka na kukunja ngumi tayari kuendelea. Anayesema Liston aliuza pambano anapaswa kueleza kwanza alisimama kufanya nini. Mtu aliyelipwa kulala, akiwa ameshalala, na nusu ya ukumbi tayari inaamini amelala, ana sababu gani ya kuamka tena na kupigwa ngumi nyingine?

Sababu za kujiangusha

Lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana shaka juu ya Liston haikutoka hewani. Alijifunza ngumi gerezani Missouri, na maisha yake ya ubondia yaliendeshwa kwa miaka mingi na watu wa magenge, akina Frankie Carbo na Blinky Palermo, ambao walihukumiwa mwaka 1961 kwa kuingilia biashara ya ngumi kwa vitisho. Kampuni ya mapambano iliyohusiana naye ilikuwa imenunua haki ya pambano la Clay la baada ya Miami, yaani kambi ya Liston ilikuwa na njia ya kupata fedha hata bingwa akiwa mwingine. Mkewe Geraldine alisema miaka mingi baadaye kwamba anadhani Sonny aliliachia pambano la pili, ingawa Sonny mwenyewe hakuwahi kumwambia hivyo.

Na Liston alikuwa na kauli mbili. Usiku ule alisema alipigwa vizuri, na kwamba hakuweza kuinuka na Ali amesimama juu yake kwa sababu hujui mwendawazimu atakufanya nini. Miaka ikapita, akamwambia Mark Kram wa Sports Illustrated kwamba hakupigwa, alikwenda chini tu kwa sababu hakutaka matatizo na yule kijana wala na Waislamu wake. Kauli ya pili ndiyo watu wanaoishika. Lakini mwanamume aliyekuwa anaogopwa na dunia nzima, akiulizwa miaka baadaye, lipi ni rahisi kwake kulisema: kwamba aliangushwa na ngumi fupi, au kwamba alichagua mwenyewe? Bondia mstaafu yeyote utakayemuuliza jinsi alivyoangushwa, sikiliza vizuri utamsikia akitafuta maneno ya kuonyesha kwamba aliridhia.

Ila lile anguko la pili, la kutoka kwenye goti kurudi mgongoni, linanisumbua. Sikatai. Ukilitazama linafanana na mtu anayetafuta muda. Nikilitazama zaidi naona kwamba Ali alikuwa hapo hapo, na nadhani Liston alisema kweli usiku ule: hakutaka kuinuka huku mtu mwenye glovu amemsimamia. Mimi nisingetaka.

Kwa Chicago, upande huu wa sababu una mambo machache mno na ndiyo maana hauchunguzwi. Walcott alikuwa amehakikishiwa dola 250,000, kiasi kikubwa sana kwa mwaka 1953. Alikuwa na miaka 39. Hakupigana tena maishani. Kama ungemtafuta mtu mwenye sababu ya kukaa chini, kupokea malipo na kurudi nyumbani kwa wanawe, ungemkuta Chicago. Sisemi aliuza. Naamini alipigwa ngumi mbili nzito, akachanganyikiwa, akaipoteza hesabu. Nasema tu kwamba tumempa Walcott huruma ambayo hatukumpa Liston, ingawa filamu zinadai kinyume. Walcott baadaye akawa sherifu na mwenyekiti wa kamisheni ya ngumi ya New Jersey, mtu wa heshima. Liston alikutwa amekufa nyumbani kwake Las Vegas, Januari 1971, na jina lake likabaki na doa lilelile.

Uchague lipi

Inategemea unachotafuta.

Kama swali lako ni ngumi ipi ilistahili kumaliza pambano, chukua ya Marciano, usisite. Kama unataka kumfundisha kijana kupiga kwa kulia juu ya mkono wa mpinzani anayeingia, chukua ya Ali, na uisimamishe filamu pale mguu wa Liston unaponyanyuka. Kijana anayeelewa ule mguu ameelewa nusu ya ngumi.

Kama swali ni bondia yupi aliamua kutoendelea, jibu langu litawaudhi wengi: kati ya hawa wawili, ni Walcott. Na kama swali ni matokeo yapi hayakupatikana kwa haki, ni ya Lewiston, lakini doa lile nalipeleka kwa maofisa. Ali alikosea kutokwenda kona, naye alikuwa na miaka 23 na damu imepanda. Walcott alikosea zaidi, maana kazi yake usiku ule ilikuwa moja, kuhesabu.

Kuna jambo nimelifikiria sana bila kulimaliza. Walcott alijua kuliko refa yeyote duniani maana ya sekunde kumi kwa mtu aliyekaa sakafuni. Alizipoteza zake mbele ya Chicago nzima. Halafu siku aliyopewa sekunde kumi za mtu mwingine azitunze, akawa anamkimbiza Ali ulingoni na kumpa mgongo aliyeanguka.

Ukiwa tayari kuamua mwenyewe, anza na Chicago. Kisha weka Lewiston, zima sauti, na kuanzia Liston anapogusa sakafu mwangalie Walcott tu, usimwangalie Ali. Tafuta ni wapi anainua kidole cha kwanza.